Picha Mbili za Nyonga Moja

Jumatatu, 4 Machi

Binti wa mazoezi ameniagiza niandike. "Mama, kila siku andika mzee amefika wapi, usitegemee kichwa." Kichwa changu hakina kasoro, lakini sikubishana naye. Yeye ndiye aliyemsimamisha mume wangu kwa miguu yake baada ya kiharusi, na mtu aliyekusimamishia mume humbishii.

Nimechukua daftari nililoondoka nalo kazini siku ya kustaafu. Ni la chumba cha eksirei, lina safu ya namba, safu ya kiungo na safu ya upande. Miaka thelathini na moja nimejaza madaftari ya namna hii: goti kulia, bega kushoto, kifua. Sasa nitajaza nguzo, kwa sababu tunapima safari zetu kwa nguzo za umeme. Ya kwanza iko mbele ya geti letu. Ya kumi na moja iko kwa kinyozi.

Leo: nguzo ya sita, kwenda na kurudi, mume wangu na Karani.

Karani ni mbwa, ana miezi saba. Tulimpa jina hilo kwa sababu siku aliyoingia alikagua kila chumba, kila kiatu na kila mfuko, kama mtu aliyetumwa na ofisi. Mume wangu aliendesha malori maisha yake yote, kwa hiyo yeye humwita utingo wake. "Dereva haondoki bila utingo," anasema. Na kweli, kabla ya Karani hakuna aliyeweza kumtoa nje ya nyumba hii. Si mimi, si binti wa mazoezi, si hata wifi yangu, dada yake, ambaye akitoa amri ukuta husogea. Mbwa alimtoa kwa kumtazama tu.

Nashukuru. Naandika hivyo siku ya kwanza ili nisije nikajifanya nimesahau.

Jumatano, 6 Machi

Nguzo ya sita. Joto. Mawingu yanatutania tu.

Jumapili, 10 Machi

Nimemnyoa. Kila Jumapili asubuhi naweka beseni la maji ya moto barazani na kumnyoa ndevu, maana mkono wake wa kulia bado haushiki wembe. Namnyoa huku namweleza mambo. Leo amesema, "Siku nikifika kwa kinyozi nitapumzika na hotuba zako." Nikamwambia vinyozi ndio mabingwa wa hotuba. Akasema, "Za kwake hazinihusu."

Wifi alikuwapo, akacheka mpaka akaja Karani kukagua kuna nini. Karani huyu ni yeye aliyetupeleka kumchukua. "Twendeni kwa Bwana Nasaba," alisema, "mbwa wake wana vyeti." Wanamwita Bwana Nasaba kwa sababu anakutajia ukoo wa mbwa hadi babu wa saba, wakati majina ya wajukuu zake mwenyewe humchanganya. Kwake ni kusafi kuliko wodi nilizofanyia kazi: mabanda meupe, vyombo vimepangwa, vyeti viko kwenye fremu. Alinipa bahasha yenye picha mbili za eksirei za nyonga, moja ya Malkia, mama yake Karani, na moja ya Jemadari, baba yake. Akasema, "Mama, mtaalamu ni wewe. Zitazame mwenyewe, mimi sina la kumficha mtu wa fani."

Nilivimba kichwa, nikiri. Nikaivuta ya kwanza nusu. Wakati huohuo kale katoto, Karani mwenyewe, kalikuwa kamelala juu ya mguu wa kulia wa mume wangu, ule usiohisi vizuri, na mume wangu akasema polepole, "Nahisi joto lake." Miezi miwili alikuwa hajahisi chochote pale. Nikairudisha picha kwenye bahasha, maana machozi na picha haviendi pamoja.

Jumatano, 13 Machi

Mvua ya kwanza! Nguzo ya saba. Wamerudi wameloa, wote wawili wanajitikisa. Nimewafuta kwa taulo moja, hawakulalamika.

Ijumaa, 15 Machi

Karani aliketi chini kwenye nguzo ya nne, akagoma. Mume wangu amerudi anacheka: "Utingo anadai nyongeza."

Jumatatu, 18 Machi

Nguzo ya tatu. Karani akikimbia, miguu ya nyuma anaitupa yote miwili kwa pamoja, kama sungura. Mume wangu anaona ni mchezo. Mimi nimewaona wengi wakichechemea mlangoni kwangu wakisema ni mchezo.

Jumatano, 20 Machi

Asubuhi Karani alishindwa kuinuka kwenye sakafu. Miguu ya mbele ilisimama, ya nyuma ikabaki inatafuta. Hakulia. Alinitazama kana kwamba kosa ni lake.

Mume wangu alikuwa ameshavaa viatu. Akavivua kimoja kimoja, akaviweka chini ya kiti, akasema, "Tumepaki." Nikamwambia twende mimi na wewe, nguzo mbili tu. Akasema dereva haondoki bila utingo, na safari hii hakuwa anatania.

Nguzo: sufuri.

Ijumaa, 22 Machi

Nimempeleka Karani kwa daktari wa mifugo, yule dada aliyefungua kliniki nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Amenyoosha miguu ya mbwa mmoja mmoja, akaizungusha taratibu, na mguu wa kushoto ulipofika mahali fulani nikasikia sauti ninayoijua. Ni mfupa unaotoka mahali pake na kurudi. Akasema tupige picha.

Ana mashine ndogo mpya. Hakuna chumba cha giza, hakuna harufu ya dawa ya kusafishia picha, unaona kila kitu kwenye kompyuta kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Alimchoma Karani sindano ya usingizi, akamlaza chali, akapiga. Nilikaa kimya nikashindwa. "Daktari, kiuno kimelala upande. Nyonga moja itaonekana nzuri kuliko ilivyo." Akanitazama. Nikamwambia nilikofanya kazi. Akavua aproni nzito ya kukinga mionzi, akanivika. "Basi mlaze wewe, mama. Mimi shuleni tulifundishwa somo hili siku mbili, na siku moja ilikuwa sikukuu."

Nikamlaza. Miguu ya nyuma sambamba, magoti yamegeuzwa ndani kidogo, mkia katikati. Mikono yangu ilikumbuka yenyewe. Picha ikatoka safi, na ilivyotoka safi nikatamani ingetoka mbaya. Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kukaa ndani ya kikombe chake kama yai kwenye kijiko chenye kina. Cha Karani upande wa kushoto kilikuwa nje karibu chote, na kikombe chenyewe kilikuwa sahani. Kulia kuna nafuu, lakini si nyingi.

Daktari akasema, "Hii mbwa huzaliwa nayo, mama. Mara nyingi hutoka kwa wazazi. Wazazi walipimwa?"

Nikajibu kwa fahari, Mungu anisamehe: "Walipimwa. Nina picha zao nyumbani."

Jumamosi, 23 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimezitoa picha za Bwana Nasaba kwenye bahasha, nikaziegemeza kwenye kioo cha dirisha la sebuleni, nikafanya leo nilichotakiwa kufanya miezi mitano iliyopita.

Wanafunzi waliokuja kujifunza kwangu niliwaambia kila mwaka: kabla hujatazama mfupa, tafuta herufi ya upande, ile ya kuonyesha kulia au kushoto. Picha isiyo na herufi ya upande ni kama barua isiyo na jina. Nikaitafuta kwenye picha ya Malkia. Pale kwenye kona inapotakiwa kuwa pamebandikwa karatasi yenye jina lake, kwa mwandiko mzuri. Nikaitafuta kwenye picha ya Jemadari. Karatasi tena, ila kwenye kona ya upande wa pili.

Nyonga zenyewe ni nzuri. Nzuri sana, mviringo, zimekaa ndani kabisa. Halafu nikaona karibu na paja la Malkia kijistari cheupe, kifupi kuliko punje ya mchele. Ni ncha ya sindano iliyovunjikia kwenye nyama. Niliona nyingi kazini, kwa watu waliodungwa na wasiojua kudunga. Nikahamia kwa Jemadari. Kijistari kilekile, ukubwa uleule, umbali uleule kutoka kwenye mfupa, ila paja la upande wa pili.

Nikazishusha zote. Nikaigeuza moja, nikailaza juu ya nyingine, zikakaa kama pande mbili za shuka lililokunjwa. Si picha za mbwa wawili. Ni mbwa mmoja, amenakiliwa na kupinduliwa. Mume na mke hawawezi kuwa na nyonga moja.

Bwana Nasaba nilimkasirikia baadaye, kwanza nilijikasirikia mwenyewe. Mganga hajigangi, sawa, lakini angalau hufungua bahasha.

Jumatatu, 25 Machi

Nimekwenda kwake kwa miguu, na mwavuli, na bahasha ndani ya mfuko wa nailoni. Nilimkuta anasugua mabakuli ya mbwa wake. Ni mtu mpole, hilo ndilo linaloudhi. Akanikaribisha, akanifutia kiti.

Sikukaa. Nikazibandika picha kwenye kioo cha dirisha lake, moja juu ya nyingine. "Nieleze."

Akatazama. Akasema mashine siku hizi hukosea. Akasema huenda aliyenakili alichanganya. Nikamwacha aseme mpaka maneno yakamwishia. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ilikuwa fupi kuliko uwanja wake.

"Mama," akasema mwishowe, "miaka ishirini nazalisha mbwa. Mimi nikimwona mbwa anatembea, namjua ndani na nje."

"Na mimi miaka thelathini na moja nimewaona watu wakiingia kwangu kwa miguu yao, wanapiga soga, na mfupa umevunjika. Jicho halina eksirei, baba."

Akakuna kidevu. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekufanyia hisani, "Basi mrudishe. Nitakupa mwingine, mzuri zaidi, uchague mwenyewe."

"Na huyu?"

"Mbwa kilema hana maisha, mama. Niachie mimi, najua la kufanya."

Nilipandisha sauti mpaka mbwa wote wakanijibu. Sikumbuki yote niliyosema na si vibaya. Nakumbuka niliondoka nikasahau mwavuli, na sikurudi kuuchukua.

Jumanne, 26 Machi

Jana nilifika nimeloa chapachapa, nikamweleza mume wangu kila kitu, hata la kubadilishiwa mbwa. Leo asubuhi, ananywa chai kwa mkono wa kushoto, Karani amelala miguuni pake, akaanza. Maneno yake siku hizi huja polepole, lakini huja yamepangwa.

"Mimi nilipoanguka bafuni. Ulinirudisha kwa mama yangu, ukaomba mwingine?"

"Mama yako alikuwa ameshafariki," nikasema, "na dhamana ilikuwa imekwisha."

Akacheka. Mara ya kwanza tangu avue viatu. Alicheka mpaka chai ikamwagika na mimi nikalia huku nafuta meza, na Karani akaburura kiuno chake mpaka pale palipomwagika, akakagua, akalamba.

Mbwa haendi popote. Limeamuliwa.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Sufuri.

Jumapili, 31 Machi

Nimemnyoa. Hakutaja kinyozi. Sufuri.

Jumanne, 2 Aprili

Upasuaji. Daktari amekiondoa kile kichwa cha mfupa upande wa kushoto. Alinichorea kwenye karatasi: mfupa hausuguani tena, na nyama ya paja itashika kazi, mradi ifanyishwe mazoezi. "Ana bahati si mbwa mzito sana," alisema. Nilimsubiri kwenye benchi saa mbili. Alipoamka mkia uligonga meza mara moja, hafifu. Nashukuru kwa mara hiyo moja.

Alhamisi, 4 Aprili

Daktari ametuandikia ratiba: kutembea dakika tano, kwa kamba, polepole, mara tatu kwa siku, asiachwe alale mchana kutwa. Nikaisoma mara mbili, nikaenda kwenye friji tulipobandika ratiba ya binti wa mazoezi. Dakika tano, polepole, mara tatu kwa siku. Nimezibandika pamoja.

Mume wangu alizitazama. "Yeye kushoto, mimi kulia," akasema. "Tukiungana tunapata mmoja mzima." Akaomba viatu.

Nguzo ya kwanza! Tunaweza kuigusa kutoka getini, lakini imeandikwa.

Jumapili, 7 Aprili

Nguzo ya kwanza. Karani anagusa chini kwa ncha za vidole tu, kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyopigwa deki.

Jumatano, 10 Aprili

Wifi amekuja. Nilikuwa nimemficha habari za picha, nikiogopa atajilaumu kwa kutupeleka kule. Amejua kwa daktari. Hakujilaumu hata kidogo, alitulaumu sisi kwa kutomwambia. Kisha akaleta habari mbaya: Malkia yuko karibu kuingia kwenye joto, atapandishwa na Jemadari yuleyule, na watoto wameshaahidiwa watu sita. Mmoja ni mwalimu mjane anayemtaka mbwa wa kumsindikiza asubuhi.

Sikuweza kula. Karani mmoja nimemwokota. Wengine sita nani atawaokota, na wenye mbwa hao, waliovaa viatu wakiwasubiri kama mume wangu?

Wifi alitaka kwenda kumwaibisha hadharani. Nilitaka pia, nisidanganye. Lakini nimefanya kazi hospitali, najua mgonjwa aliyeaibishwa harudi kupimwa. Nikakaa mezani nikamwandikia Bwana Nasaba barua fupi. Nilimwambia daktari ana mashine, mimi nina mikono, alete mbwa wake wote tuwapime bure kabla Malkia hajapandishwa. Chini nikaongeza: "Na mwavuli wangu."

Wifi aliisoma, akasonya. "Wewe una roho ya hospitali." Lakini aliipeleka mwenyewe.

Jumapili, 14 Aprili

Nguzo ya pili. Hakuna jibu.

Alhamisi, 18 Aprili

Nguzo ya pili. Hakuna jibu. Mvua imeng'oa ua wa jirani, na tope limefika hadi nguzo ya tatu.

Jumanne, 23 Aprili

Leo adhuhuri, mvua ya matone kama mawe, pikapu imesimama getini. Bwana Nasaba akashuka bila koti. Nyuma, chini ya turubai, alikuwa Jemadari.

"Tangu asubuhi hawezi kuinuka," akasema. "Saruji ilikuwa ya baridi. Nikadhani ni baridi." Akalivuta turubai, akamfunika mbwa kichwa. "Ana miaka sita tu, mama."

Tulikwenda naye kwa daktari mimi na yeye, mbele, kwenye kiti kimoja kirefu. Njiani ndipo aliponieleza, bila kuulizwa, macho yako kwenye waipa. Ile picha ilikuwa ya mbwa wake wa kwanza kabisa, jike, aliyemwita Bahati. Huyo alimpima kweli. Alikaa kwenye foleni saa tatu, akaambiwa nyonga zake ni nzuri, akafurahi kama amefaulu yeye. Ile sindano ni yeye aliyemdunga, nyumbani, Bahati akaruka, ikavunjika. Bahati alikufa kwa uzee, picha ikabaki.

"Halafu nikapata dume, na watoto wake walikuwa wameshaahidiwa watu. Wakaniuliza nyonga. Nikawaonyesha za Bahati. Nikasema mara hii tu, msimu ujao nitapima." Akafuta kioo ambacho tayari kilikuwa safi. "Kila msimu nilisema msimu ujao. Sikudanganya kwa kiburi, mama. Niliogopa jibu."

Nilijua uoga huo. Mume wangu alikuwa na shinikizo la damu miaka minne bila kupima, kwa sababu alikuwa anajisikia vizuri. Lakini sikumwambia. Nilimwambia, "Uoga wako umemkalia Karani kwenye nyonga." Akasema, "Najua."

Picha ya Jemadari imenitia huzuni. Nyonga zote mbili zimechakaa kama za bibi wa miaka tisini. Amekuwa akitembea kwa ukaidi tu miaka yote hii, na sisi tukiita ule ukaidi mwendo mzuri. Daktari amempa dawa ya maumivu, na amesema asipandishe tena.

Nikamkaribisha Bwana Nasaba nyumbani, nikampa chai na taulo. Sijamsamehe. Nimempa chai, hayo ni mambo mawili tofauti. Mume wangu alikaa naye. Jemadari na Karani, baba na mwana, wakanusana, kisha wakalala pamoja kwenye mkeka mmoja, mmoja akiogopa kuinuka kama mwenzake.

Mwavuli alikuwa nao.

Jumamosi, 27 Aprili

Siku ya kupima. Nimefungua kopo la vifungo nilimozitunza herufi zangu mbili za upande, zile nzito ndogo nilizotumia kazini. Zimechakaa kingo. Nilizitia mfukoni nikajisikia nimevaa nguo.

Mbwa wanne, asubuhi hadi saa nane. Mimi nalaza, daktari anapiga, Bwana Nasaba anawashika vichwa wanapoingia usingizini na kuwataja majina wanapoamka. Wifi alikuja bila kualikwa, akakaa mlangoni kama askari.

Malkia: kushoto pabaya. Wa pili: pabaya. Wa tatu: katikati, daktari hakutaka kumpitisha. Kila picha ikitoka Bwana Nasaba anainama kidogo zaidi. Wa mwisho alikuwa jike la miaka miwili na ushee, sikio moja limekunjika, rangi kama kiatu kilichosahauliwa juani. Bwana Nasaba mwenyewe alikuwa ameshamwahidi mlinzi wa ghala amchukue, kwa kuwa hana sura. Nikamlaza, nikanyoosha magoti, nikaweka herufi yangu pembeni.

Nyonga za kitabuni! Mayai mawili ndani ya vijiko viwili. Daktari alipiga makofi. Bwana Nasaba akaketi sakafuni, akamkumbatia kichwa yule mbwa asiye na sura.

Aliuliza kama sasa watoto wake watakuwa salama. Daktari hakumpaka mafuta. "Hata wazazi wazuri huweza kupata mtoto mwenye tatizo. Ila inakuwa nadra zaidi. Na dume atakayepandana naye lazima apimwe vilevile. Usipopima unacheza bahati nasibu, tena kwa miguu ya mwenzio."

Malkia hapandishwi. Atafungwa kizazi wiki ijayo. Kisha wifi akasogeza kiti mbele ya Bwana Nasaba, akamwekea simu mkononi. "Sasa wapigie. Wote sita, na wale wa zamani pia. Mimi nasikiliza." Alipositasita, akamwambia, "Mficha uchi hazai, na wewe umeficha hadi wa mbwa." Nilikuwa nimevaa aproni ya kilo saba, nikacheka mpaka nikashikilia ukuta.

Aliwapigia. Wawili walimtukana, akasikiliza mpaka mwisho. Yule mwalimu mjane alisema atasubiri watoto wa yule mwenye sikio lililokunjika, hata mwaka mzima.

Jumatatu, 29 Aprili

Nguzo ya nne. Daktari amenipigia: niwe nakwenda kila Jumamosi kulaza mbwa. Nimejifanya nafikiria, nikahesabu hadi tatu.

Jumapili, 5 Mei

Nimemnyoa. Nguzo ya tano. Karani ameweka mguu chini wote, kisigino na vidole.

Alhamisi, 9 Mei

Bwana Nasaba amepita na Jemadari, wanatembea mwendo wa pole. Ile picha ya Bahati ameirudisha kwenye fremu, anasema, na chini ameandika jina lake halisi. Nimegundua leo kwamba nimeshamsamehe, sijui ilikuwa siku gani. Sikuiandika.

Jumanne, 14 Mei

Nguzo ya saba. Tumelingana na Machi. Mvua zimeanza kuchoka.

Jumatatu, 20 Mei

Nguzo ya tisa, na wakasimama kupumzika wote wawili kwa wakati mmoja, bila kuambiana. Niliwaona kutoka getini.

Jumapili, 26 Mei

Mvua ya usiku imeacha tope, lakini jua limetoka. Niliamka, nikaweka maji jikoni, nikatoa beseni, wembe, sabuni na taulo, nikapanga barazani kama kila Jumapili. Kiti chake kilikuwa kitupu. Kamba ya Karani haikuwa msumarini, na viatu havikuwa chini ya kiti.

Nikakaa. Nikajiambia wamefika nguzo ya tisa, watarudi. Nikaongeza maji ya moto. Nikasimama getini, nikahesabu nguzo mpaka macho yakashindwa, sikuwaona. Mtu aliyewahi kuokota mume sakafuni masikio yake husikia mshindo hata pasipokuwa na kitu. Nikaongeza tena maji.

Halafu nikawaona. Walikuwa wanakuja katikati ya njia, polepole mno, mguu wa kulia unaburuzwa kidogo, mguu wa nyuma wa kushoto unanyanyuliwa kidogo, kamba imelegea katikati yao, hakuna anayemvuta mwenzake. Wakapita nguzo ya tano. Wakapita ya tatu. Alipofika getini akainua kidevu ili nione.

Kilikuwa laini. Chini ya sikio pana mkwaruzo mwekundu wa wembe, mahali ambapo mimi katika miezi yote hii sijawahi kumkata.

"Kumi na moja," akasema.

"Kinyozi alikupa hotuba?"

"Ndefu." Akashika nguzo ya baraza, akavuta pumzi, uso wote unacheka. Akatazama beseni. "Maji bado ya moto?"

"Ya moto."

"Basi muoshe utingo miguu. Ana tope hadi magotini."

Nikapiga magoti, nikamwosha Karani kwa maji ya ndevu za mume wangu, mguu mmoja mmoja. Ule wenye kovu niliuacha wa mwisho. Nilipouinua hakushtuka, aliuacha wote mkononi mwangu, mzito na wa moto, mpaka nilipomaliza.